Alichomnong'oneza Farasi

Uongo wa Kaneez ulikuwa umetimiza miaka hamsini na tatu, na katika miaka yote hiyo ulilishwa vizuri. Ulikaribishwa kwenye biriani za harusi, ukasimuliwa kwenye vikao vya akina mama, ukatiwa chumvi na mashangazi mpaka ukanona. Na Kaneez mwenyewe hakuwahi kuutamka. Alinyamaza tu, siku moja, akiwa na miaka saba.

Mwaka huo mdogo wake Alireza, mtoto wa miaka minne, alishikwa na homa ya matumbo. Nyumba yao ya Temeke ilinuka dawa na udi, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza na baba yao kwa sauti ya chini, jambo ambalo hata mtoto analielewa. Ikawa ni mwezi wa Muharram. Siku ya matembezi bibi yao alimshika Kaneez mkono, akampeleka mjini kumwona farasi wa matembezi.

Kwa asiyemjua, huyo ni farasi ambaye Mashia humtembeza kwa kumkumbuka farasi wa Imamu Husein, yule aliyerudi kambini peke yake baada ya bwana wake kuuawa Karbala. Huvishwa shuka jeupe lenye madoa mekundu, na tandiko lake huwa tupu. Hapandwi na mtu yeyote, awe nani. Watu humgusa, hulia, na wenye haja zao humnong'oneza sikioni.

"Farasi hawezi kukupa hata punje ya mchele," bibi alimwambia njiani. "Anayesikia ni Mungu. Lakini ukiomba mahali watu wanapolia, huombi peke yako. Utasema: Mungu, mponye mdogo wangu. Umenielewa?"

Kaneez alielewa, akayakariri maneno hayo njia nzima. Kisha akanyanyuliwa, akajikuta uso kwa uso na mnyama mkubwa mweupe, mwenye kope ndefu, anayenukia majani na jasho, akimpumulia pumzi za moto shingoni. Kila alichokariri kikayeyuka. Aliliinamia lile sikio, laini kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa, akasema lililokuwa moyoni mwake dakika ile: "Nataka kupanda farasi. Hata mara moja tu."

Miguu yake ilipogusa chini ndipo alipomkumbuka Alireza. Akataka kurudi, lakini umati ulikwisha kusonga mbele na farasi wake.

Siku ya tatu homa ikashuka. Siku ya nane mtoto akaomba maandazi. Ukoo mzima ukamgeukia Kaneez, ukamkumbatia na kumbusu mpaka mashavu yakamwasha, na bibi akaweka nadhiri kwa shukrani: kila mwaka, kabla ya matembezi, Kaneez atamwogesha yule farasi na kumnywesha maziwa kwa mkono wake. Msichana alikuwa tayari kusema ukweli, mdomo umeshafunguka. Akasikia "kila mwaka" na "farasi" kwa pamoja, akaufunga. Tusimhukumu sana. Wewe na mie tumekwisha kunyamaza kwa vitu vidogo kuliko farasi.

Hivyo ndivyo yalivyoanza mapenzi yaliyomtawala maisha yake yote. Alijifunza kusafisha kwato, kupiga brashi, kujua tumbo la farasi linamuuma kwa kutazama masikio yake tu. Alifungua duka la mapazia Mtoni, na kila mwaka akasimamisha kazi za wateja ili ashone shuka la farasi kwanza. Marehemu mumewe, Burhan, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe ana mume mwingine mwenye miguu minne, na kwamba huyo ndiye anayepikiwa mapema. Farasi watatu walizeekea mikononi mwake. Wa nne ni Wafa, mweupe, mzee wa miaka ishirini na mbili, anayeishi Kimbiji kwenye banda lililojengwa na Alireza.

Na hakupanda farasi hata siku moja. Wale wa matembezi hawapandwi, hilo linajulikana. Lakini mwaka jana aliletwa jike wa kahawia kutoka Arusha ili Wafa asikae mpweke, na huyo alikuwa farasi wa kawaida tu. Elinaza, mtunza banda, mtu wa Same aliyefanya kazi na Kaneez kwa miaka kumi na sita, alimpa jina la Mchicha kwa sababu ya bustani alizozimaliza, na humpanda kila jioni hadi ufukweni. Mara ngapi alimwambia, "Mama, panda basi, hata hapa uani"? Kaneez hujibu kwamba magoti yake hayana adabu. Ukweli ni kwamba aliona hastahili. Aliyesahau kumwombea ndugu yake kwa ajili ya kupanda farasi, akipanda leo, atakuwa mtu gani?

Alireza alikua, akawa wakala wa forodha pale Kurasini, mtu wa kukimbizana na makontena na nyaraka. Kila aliyekaa naye kwa chai alisimuliwa. "Mie unayeniona hapa naishi kwa ombi la dada yangu," husema, akigonga kifua. Mwaka huu kifua hichohicho ndicho kilichomwangusha ofisini. Mishipa ya moyo imeziba, upasuaji Jumanne, na karatasi ya kukubali kupasuliwa aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

Mkewe, Hawra, alimpigia Kaneez simu huku analia. "Dada, amegoma kusaini. Anasema hasaini mpaka wewe umnong'oneze Wafa kama zamani. Daktari anasema tukichelewa hakuna dhamana. Mnong'oneze tu, dada, yaishe. Ni maneno mawili."

Basi Jumamosi asubuhi, wiki ya Ashura na matembezi yake ikiwa imekwisha, Hawra aliwachukua wote wawili kwa gari, wakavuka daraja la Kigamboni wakashika njia ya Kimbiji. Kila shimo lilipotokea alipunguza mwendo na kumtupia mumewe jicho. Kaneez alikaa nyuma, akiyarudia kimoyomoyo maneno ya bibi.

Bandani, Wafa alikuwa amerudia maisha yake ya kawaida, hana shuka wala maua, pumba zimemjaa puani. Elinaza aliwaamkia, akaleta kiti cha plastiki. Hawra alibaki garini, simu ya hospitali sikioni. Alireza alikaa, akafumba macho.

"Haya, dada. Kama siku ile."

Kaneez alikwenda, akaliinamia sikio. Maneno ya bibi alikuwa nayo yote. Lakini alimtazama mdogo wake pale kitini, amefumba macho kwa imani kabisa, akaona kwamba Jumanne ataingia chumba cha upasuaji ameegemea ukuta usiokuwepo, na aliyemwaminisha kwamba upo ni yeye. Akainua kichwa.

"Ali, siku ile sikukuombea."

"Nini?"

"Nilitumwa nikuombee, nikasahau. Nilipomwona farasi nikasahau kama unaumwa. Nikasahau kama upo. Nikajiombea mwenyewe."

Alireza alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka.

"Dada, mie nimewasimulia wanangu."

"Najua."

"Nimewasimulia wajukuu. Nimewasimulia madereva wa malori! Bandari nzima inaijua habari hii."

"Najua, Ali."

"Sasa mie niliponaje?"

"Alikuponya Mungu," Kaneez alisema. "Bila mimi."

Alireza alisimama, akatoka bila kuaga. Mlango wa gari ukasikika ukifungwa. Kaneez aliweka paji la uso kwenye bega la Wafa akalia kwa sauti, kwa sababu alikuwa amesema kweli na huenda hiyo kweli imemuua mdogo wake. Elinaza, ambaye hakuwa na pa kwenda, alifagia mahali alipokwisha kufagia.

Hakujua amelia kwa muda gani. Aliposikia viatu kwenye mchanga, Alireza alikuwa mlangoni, uso umemwiva.

"Uliomba nini?"

"Aibu tu, Ali."

"Nimekaa kule garini nawaza. Ameomba nini huyu kilichonizidi mie? Sema, neno kwa neno."

"Nilisema nataka kupanda farasi. Hata mara moja tu."

"Yaani mdogo wako anakata roho, wewe unataka kupanda farasi!"

"Nilikuwa na miaka saba."

"Na mie nilikuwa na minne!" Akamtazama dada yake, mwanamke wa miaka sitini mwenye pumba kwenye mtandio na macho mekundu. Mdomo ukaanza kumcheza. "Ehe. Ukapanda?"

"Wa matembezi hawapandwi."

"Na yule wa kahawia?"

"Mama anakataa, mzee," Elinaza alidakia, ufagio mkononi. "Mie nimesema mpaka nimechoka."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," Kaneez alisema.

Alireza akatumia ile sauti ya ofisini, ya kukagulia nyaraka za mzigo. "Kwa hiyo ambalo hukuliomba lilijibiwa palepale, na uliloliomba halijatoka mpaka leo. Mzigo wako umekwama bandarini miaka hamsini na tatu, dada, na mdogo wako ni wakala wa forodha. Hii si aibu yako, hii ni aibu yangu. Elinaza! Mtandike huyo Mchicha."

Kaneez alikataa, akataja magoti, umri, watu watasemaje. Hakuna aliyemsikiliza. Elinaza alileta kreti la soda la kukanyagia, akamshika kiwiko. Kaneez akakunja baibui juu ya suruali, akavuta pumzi, akapanda kwa mguno ambao angefurahi kama tusingeutaja.

Akawa juu. Aliona paa la banda, shamba la mihogo la jirani, kipara kidogo cha Alireza ambacho hakuwa anajua kimefika huko. Chini yake Mchicha alihema taratibu, na joto lake likampanda miguuni. Miaka yote alidhani anajua kila kitu kuhusu farasi. Hili alikuwa halijui. Alifurahi mpaka akashindwa kufunga mdomo.

"Kamba naishika mie," Alireza alisema, na Elinaza akamwachia, ila akatembea kando yake kwa tahadhari. Walikwenda mwendo wa mgonjwa wa moyo, hatua na kupumzika, wakauzunguka ua mara moja. Hawra alikuwa ameshuka garini, amesimama, simu bado inaongea peke yake mkononi.

Walipofika tena mbele ya banda, Kaneez aliinama juu ya shingo ya Mchicha mpaka shavu lake likagusa manyoya. Safari hii hakusahau neno hata moja.

"Mungu," alinong'ona kwenye sikio la kahawia, "mponye mdogo wangu."

"Nimesikia," Alireza alisema, bila kugeuka.

"Hukuambiwa wewe."

Alireza alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Elinaza, una kalamu?"

Ilikuwepo, imefungwa kwa uzi kwenye daftari la dawa za farasi. Alireza aliitoa mfukoni ile karatasi ya upasuaji, akaikunjua, akaitandaza kwenye ngozi ya tandiko, kando ya goti la dada yake, akasaini huku Mchicha akitikisa mkia. Hawra alikuja mbio, akaichukua kabla mumewe hajabadili mawazo.

"Haya dada, shuka sasa," Hawra alisema. "Twende, jua linapanda."

"Mzunguko mmoja tena," Kaneez alisema, na Alireza akaivuta kamba.