Theluji ya Koplo Mwero

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Swabir huacha kushona makuti, hunawa mikono, huchoma ubani, kisha huweka vikombe viwili barazani: kahawa tungu ya baba yake, Koplo Mwero, na chai ya mchaichai ya mkewe, Twaiba. Baba yake alifariki mwaka wa themanini na saba. Twaiba ana miaka miwili sasa kaburini, tangu gari la wagonjwa lilipokosa mafuta wiki moja baada ya mkubwa mmoja kulizindua kwa ngoma na kukata utepe. Wamezikwa hapo Msambweni, kaburi kwa kaburi, na walikuwa wakifika kabla chai haijapoa.

Askari aliyekufa hurudi kwake kwa njia ileile aliyorudia alipokuwa hai. Koplo Mwero alirudi kutoka Burma, alikopigana na Wajapani. Kwa hivyo kila Alhamisi alipitia Burma, na Twaiba, ambaye maishani hakuvuka Likoni zaidi ya mara tatu, alimfuata mkwewe akishika pindo la koti lake. Walifika na matope hadi magotini. Matope ya Burma, alisema Twaiba, ni kama ya Ramisi wakati wa masika, ila ruba wa kule ni wanene.

Twaiba alikaa kidogo tu. Aliuliza kama Swabir amekula, akamwambia fulana hiyo iliyotoboka aitupe, akaondoka. Swabir hakuwa na kingine cha kungojea katika wiki.

Mwezi wa Machi, mchambuzi wa siasa, Daktari Kaingu, alialikwa kwenye redio moja Ukunda kueleza vita vya dunia na uchaguzi ujao. Alisema babu zetu walipelekwa Burma, huko Ulaya, wakapigana na Wajerumani kwenye theluji. Mtangazaji akasema, "Kweli kabisa, daktari."

Alhamisi iliyofuata Koplo Mwero alifika peke yake, amechelewa, theluji imemjaa mabegani.

"Wamenihamisha," alisema, akikung'uta buti kwenye nguzo.

"Twaiba yuko wapi, baba?"

"Amerudi. Baridi ile si ya mtu mwenye leso mbili. Nilimpa koti, akasema nitakufa. Nikamwambia, mwanangu, nimeshakufa. Hakutaka."

Swabir aliikusanya theluji kwenye sanduku la kuwekea samaki, akaifunika kwa makuti. Asubuhi alichukua karatasi ya jeshi ya baba yake, akapanda bodaboda hadi redioni. Mapokezini alikuwako msichana wa bara, Rispah.

"Karibu mzee. Hiyo ni samaki?"

"Ni theluji. Imetoka kwenye koti la baba yangu. Alipigana na Mjapani, karatasi hii hapa. Nataka daktari aseme hivyo hewani."

Rispah alifunua, akagusa kwa kidole. "Iko poa. Friji yetu iliharibika juzi." Akazika soda sita humo.

Daktari Kaingu alitoka studio, akachomoa soda moja, akaipangusa theluji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Sitaki shikamoo, nataka Mjapani."

"Mzee, mimi ni mchambuzi. Vitu vidogo hivyo waachie walimu."

"Shule mimi niliacha darasa la tatu, na hilo nalijua."

"Basi tutarekebisha," alisema daktari, akafungua soda.

Alirekebisha kweli. Alisema mzee mmoja wa Msambweni amemkosoa: hawakuwa Wajerumani, walikuwa Wataliano, tena jangwani. Alhamisi Koplo Mwero alifika na mchanga masikioni. Twaiba alikuwa amemfuata hadi nusu ya jangwa, kiu ikamrudisha.

Swabir alipeleka barua kwenye ofisi ya wakubwa. Waliipiga muhuri, wakamrudishia. Daktari Kaingu alipewa kipindi chake mwenyewe, kila Alhamisi adhuhuri, kisha akateuliwa kwenye kamati ya kuwaenzi mashujaa.

Siku hizi Swabir hakosi kipindi hicho. Ikitajwa Ulaya, wachuuzi wa samaki wa Mwabungo huja na mabeseni kuchota theluji, na yeye humtafutia baba blanketi. Likitajwa jangwa, hujaza mtungi. Wiki moja daktari aliugua, redio ikapiga taarabu mchana kutwa, na Twaiba akafika na matope magotini, akauliza kama mumewe amekula. Fulana ilikuwa ileile. Swabir alimwombea daktari ugonjwa mrefu, lakini wakubwa hutibiwa mbali, na hupona.

Alhamisi hii daktari amesema vita vya Burma vilikuwa vya baharini. Swabir alisikiliza hadi mwisho, akakirudisha kikombe cha chai kabatini, akaenda kutafuta taulo.