Uso wa Kuazima

Mtaani walimwita Dijitali, na jina lilimkaa vizuri. Wakala huyu wa bima alikuwa ameikata kadi yake ya benki kwa mkasi, mbele ya watu, kwa madaha. Dukani aliinua simu, akaitazama, ikamjua, ikalipa. "Uso wangu ndio pochi yangu," alipenda kusema. "Dunia nzima hakuna mwingine."

Mwingine alikuwepo, tena ng'ambo ya barabara: pacha wake, fundi cherehani, ambaye alikuwa hasemeshani naye. Siku moja Dijitali aliicheka kadi ya nduguye mbele ya foleni nzima, na fundi akamjibu kwamba mdogo hamcheki kaka yake. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana suala la nani alitangulia kuzaliwa halijawahi kupata jibu. Mama yao akiulizwa, husema siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine.

Sasa Dijitali alisimama kwenye duka la dawa, ametoka kung'olewa jino, pamba mdomoni, shavu limeumuka hadi jicho moja limebaki mstari. Ganzi ilikuwa inaisha. Dawa za maumivu zilikuwa pale pale kaunta. Akainua simu, ikamkataa. Akaigeuza upande, akajaribu tena, haikumjua. Ikaomba namba ya siri, ambayo aliiweka siku ya kwanza na kuisahau siku ya pili.

"Kadi huna?" mwuza dawa aliuliza kwa upole.

Akavuka barabara. Maumivu yalikuwa yamemfika utosini, la sivyo asingeukanyaga mlango ule.

Fundi alimsikiliza huku kabana pini midomoni, kisha akatoa kadi. "Shika, kalipe."

Dijitali akatikisa kichwa. Kadi? Bora auawe. "Sitaki kadi yako," akasema kwa taabu. "Naomba uso wako."

Fundi akazitoa pini moja moja. "Unamwomba nani?"

Ufizi ukapiga kama ngoma. "Nakuomba wewe... kaka."

"Kaka tu hivi hivi?"

"Kaka mkubwa."

Wakaenda. Fundi aliitupia simu jicho moja tu, ikafunguka papo hapo, bila ule ukaidi inaomfanyia mwenyewe kila asubuhi. Mwuza dawa akamtazama huyu, akamtazama yule, akainamisha uso kwenye droo.

"Na mimi niwekee dawa ya kikohozi," fundi alimwambia, simu bado i mkononi mwake. "Chupa kubwa. Analipa mdogo wangu."

Dijitali alitaka kukasirika. Kilichomtoka ni kicheko, pamba ikamponyoka, maumivu yakampanda hadi sikioni, na bado akashindwa kunyamaza. Kumbe siku zote hizo alikuwa na hamu na ndugu yake. Hata simu yake ilimtangulia kumpokea kaka huyo.