Kinachoteremka na Mtaro

Siku hiyo usingizi ulimkamata Bi Tekla Mahundi mchana kweupe, yuko kitini, kalamu mkononi, barua isiyo na sahihi mapajani. Ilikuwa siku ya nuksi tangu alfajiri. Asubuhi alimtoa mbwa wake, Kaisari, kama ilivyo desturi yake, na mbele ya geti la jirani yake, mhandisi Lugano, ambaye naye anafuga mbwa, kandambili yake ikazama katika kinyesi kibichi cha mbwa wa watu. Akasonya, akaisugua kandambili kwenye nyasi, akawalaani wenye mbwa wa mtaa mzima, watu wa magari mawili mawili ambao kuinama mara moja kunawashinda. Yeye alikuwa muuguzi miaka thelathini, kuinama hakumpi shida. Kaisari akimaliza haja yake, Bi Tekla huzoa papo hapo kwa koleo dogo, akamwaga mtaroni, na mtaro ukateremka nacho. Sasa kamati ya mtaa, ambayo yeye ndiye katibu wake, ilikuwa imekutana jana yake kulalamikia uvundo, na habari za mbwa haikuzigusa hata kidogo. Ilimwakia Nyamizi, mama anayeuza uji wa ulezi kule chini kabisa, kwenye kona ambapo mtaro hupinda. Pale pananuka, wanakamati walisema, pana inzi, na anayeleta uchafu si mwingine ila huyo muuza uji. Barua ya kuomba mgambo waje wamwondoe ilikuwa tayari. Mhandisi Lugano, mwanakamati mwenzake, angeifuata saa kumi, na kilichobaki ni sahihi ya katibu tu. Bi Tekla aliinua kalamu, lakini hasira za asubuhi zilikuwa zimemchosha, na macho yakafumba kabla mkono haujafika kwenye karatasi.

Akajiona yuko juu ya kilima, katika mji uliopakwa chokaa hadi mawe ya barabarani, mji uitwao Safi-Machoni. Wenyeji wake walikuwa matembezini, kila mmoja na mbwa wake, na ajabu ni kwamba mbwa ndio walioinamisha vichwa, huku wenye mbwa wakitazama mawinguni. Aliyetangulia ni Bwana Kiburi, ambaye mgongo wake ulikuwa ubao mtupu, usio na mahali pa kupinda. Akafuata Bi Uvivu, amebebwa na watu wanne, yeye pamoja na mbwa wake. Na katikati yao alizunguka mchuuzi mmoja mwenye tabasamu pana, jina lake Kisingizio, ana kapu begani, anagawa maneno bure. Kila ambaye mbwa wake alichafua njia alitia mkono kapuni akatoa neno lake. Mmoja alitoa “Mvua itaosha,” mwingine “Hiyo mbolea,” mwingine “Kuna watu wanalipwa kufagia,” na Bwana Kiburi, aliyechafua kuliko wote, alitoa “Wangu hafanyi hivyo, huyo ni wa jirani.” Wakishapata maneno yao walichekeana kwa raha, wakaruka vinyesi kwa hatua za madaha. Watoto hawakuonekana popote, maana hapakuwa na mahali pa kuweka mguu mdogo. Bi Tekla alighadhibika. Akawapigia kelele kwamba hawana haya, kwamba njia ni ya wote, kwamba anayefuga mbwa afuge na kinyesi chake. Hakuna aliyegeuka.

“Hawakusikii,” alisema mtu kando yake. Alikuwa mwanamke mfupi, miguu imejaa tope hadi magotini, ndoo mkononi.

“Na wewe ni nani?”

“Mimi Aibu. Zamani nilikuwa na kiti katika kila nyumba ya hapa. Siku hizi wananifungia mlango, nalala nje na mbwa.”

“Basi wafundishe hawa watu adabu. Unangoja nini?”

“Aibu haihutubii umati, mama,” yule mwanamke alijibu taratibu. “Humwendea mtu mmoja mmoja, tena akiwa amekaa peke yake. Umeuliza mengi juu ya wanaoacha uchafu. Hujauliza uchafu wenyewe unakwenda wapi. Uchafu hauna miguu. Ukiuona umesafiri, kuna aliyeupa safari. Twende.”

Wakafuata mtaro uliokatiza mji. Ulipoanzia mteremko palikuwa na lango la chuma, na mlinzi wake alikuwa mama nadhifu, miwani puani, koleo dogo mkononi. Alipomwona Bi Tekla alimkumbatia kama ndugu aliyetoka safari. “Karibu nyumbani,” alisema. “Naitwa Nusu-Wema. Wale wa juu wanaacha mambo yao barabarani, washenzi wale. Sisi tunazoa, tunatupa humu, na lango hili likifungwa hatuoni tena kitu.” Bi Tekla alijitoa mikononi mwake kwa kishindo. Alisema yeye hana undugu na mtu wa namna hiyo, yeye huzoa kila siku, mtaa mzima unamjua. “Ndiyo, unazoa,” alisema Aibu. “Ukishazoa, unampa nani?” Bi Tekla alifungua mdomo ajibu. Kisingizio akatokea mbio na kapu lake, akamwinamishia achague. Bi Tekla aliona maneno mazuri mle ndani, yote yana mantiki, yote yanamtosha. Mkono ulimwasha. Akaufumbata, akapita lango.

Kule chini hapakuwa na chokaa. Alisimama mwanamke ndani ya mtaro, tope limemfika mapajani, ana sufuria la uji kichwani, na shingo yake ilitetemeka kwa kuhofia tone lisimwagike. Kila kilichotupwa juu kilimfikia yeye, akakizoa kwa mkono mmoja, akakiweka kando, kikaja kingine. Kutoka kilimani wenyeji wa Safi-Machoni walimnyooshea vidole, wakiziba pua kwa leso. “Mchafu huyo! Aondolewe!” Na juu ya sauti zao zote ilisikika sauti moja kavu, ya mtu aliyezoea kusoma mihtasari ya mikutano, ikisoma barua neno kwa neno. Bi Tekla aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake.

“Huyu anaitwa nani?” aliuliza, ingawa alishaogopa jibu.

“Juu wanamwita Mkosaji,” alisema Aibu. “Jina alilozaliwa nalo ni Jirani.”

Mwanamke yule aliinua uso, naye alikuwa Nyamizi. “Shikamoo, Bibi,” alisema bila hasira, kama anavyosema kila asubuhi. “Kila siku nazoa kwanza ndipo niwashe jiko. Nikiondoka hapa, nani atawazolea?”

“Hodi! Bi Tekla, hodi!”

Ilikuwa saa kumi, na mhandisi Lugano alikuwa barazani. Bi Tekla aliamka ameloa jasho, na maana ya ndoto ilimwingia taratibu, ikamuuma. Miaka yote ile alikuwa amejisifu kwa kuinama, kumbe alichokuwa akiokota mlangoni kwa Lugano alikipeleka mlangoni kwa Nyamizi. Na leo kidogo tu angemfukuza kwa harufu ya mbwa wake mwenyewe. Aliona haya, na baada ya haya hasira ikarudi, safari hii ikijua njia. Akamwomba mhandisi akae angoje, akachana barua ile vipande vinne, akavuta karatasi nyingine, akaandika kwa haraka.

“Umeshasaini?” aliuliza Lugano alipoipokea. Akasoma mistari miwili, uso ukambadilika. Barua iliiarifu ofisi ya mtaa kwamba uvundo wa kona ya uji unatokana na mbwa wa huku juu, na kwamba wenye mbwa watateremka Jumamosi, na makoleo yao, kuusafisha mtaro mzima kwa mikono yao. Chini yake yalifuata majina.

“Bi Tekla,” alisema, “mbona umejiandika mwenyewe wa kwanza?”

“Ndiyo ukweli ulivyo. La pili ni lako, mhandisi. Hebu litazame kama nimeliandika sawasawa.”