Jeneza la Mwabungo Jukwaani

Watu wa Ukunda wanaijua tamthilia ya runinga kuliko wanavyozijua nasaba zao. Kikundi chetu kilipoamua kuileta jukwaani ile ya Mzee Kitenge, misimu mitatu iliyowafungia watu majumbani, nilijua tumejitafutia balaa. Kila mtazamaji angekuja na picha yake kichwani, na ole wetu tukikosea hata rangi ya kikombe.

Mimi, Amin, ndiye mshika vifaa. Kwa tukio la maziko ya Mzee Kitenge niliunda jeneza la mbao nyepesi. Kwenye mazoezi likapinda katikati, waigizaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwelekezi wetu, Chirau, hakucheka. Alisema hapo ndipo watu hulia, na wakicheka tumekwisha.

Basi nikafanya upumbavu wangu. Jeneza la msikiti wa Mwabungo ni moja tu, ndilo hubeba kila maiti wa kijiji, na mlinzi wake alikuwa mjomba wangu Jaafar. Jumamosi asubuhi nilimwomba ufunguo wa stoo, nikasema nataka kuazima mikeka. Akanipa bila kuuliza mara mbili. Onyesho lilikuwa saa nane. Nilijiambia kufika alasiri litakuwa limerudi. Nani atakufa katika saa chache hizo? Kana kwamba mauti huniomba mimi ruhusa.

Saa saba na nusu mjomba akapiga simu. Mzee Sanga, mume wa Bi Twaiba, alikuwa amefariki. Wangemzika baada ya swala ya alasiri, na jeneza halikuonekana stoo.

"Amin, hukuliona ulipochukua mikeka?"

Lilikuwa mbele yangu, Chirau akilitandika shuka ya kijani. Ukumbi ulikuwa umejaa. Gari letu lilikuwa nje; ndani ya nusu saa ningekuwa nimelifikisha.

"Sikuliona, mjomba," nikasema.

Watu walilia siku ile kuliko walivyolia mbele ya runinga, kisha wakasimama kutupigia makofi. Huko Mwabungo, Mzee Sanga alibebwa juu ya kitanda cha kamba chenye mguu uliolegea, wakamtua njiani mara mbili ili waufunge. Hayo niliyasikia matangani, nimekaa mkekani nikila wali wa msiba. Nilijichukia, na wali nikaumaliza.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilimfuata mjomba nyumbani. Video za onyesho zilikuwa zimeshafika kwenye simu za wazee wa msikiti, naye alikuwa amenyang'anywa ufunguo alioushika miaka kumi na tisa. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nakwenda kwa wazee na kwa Bi Twaiba kusema kweli.

"Nimeshawaambia nilikuazima mimi," akasema. "Ukenda leo, wewe utakuwa mwizi na mimi mwongo. Nitakuwa nimeaibika bure."

Nikamwuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Marehemu mamako aliniachia wewe, Amin. Hakuniachia jeneza."

Sikwenda, na hadi leo nimenyamaza. Bi Twaiba haitikii tena salamu ya mjomba, hata wakikutana mlangoni. Mimi, niliyeazimwa tu, hunikaribisha chai kila nikipita, nami huingia nikainywa.