Mvua ya Godoro Moja

Asubuhi ya Siku ya Bahari Duniani, Marie-Claire alikuwa ameinamia cherehani yake sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akishona mikono ya gauni la kitenge, redio ikiongea juu ya rafu. Kipindi kilikuwa "Leo Siku Gani", kinachorushwa kutoka Lodwar. Hakuwahi kukikosa, kwa sababu mtangazaji wake alikuwa Hardy, na Hardy alikulia nyumbani kwake.

Hardy alianza kama kawaida. Akaeleza kwamba dunia nzima leo inaadhimisha bahari, na kwamba watu wa Turkana waadhimishe kwa kuoga, kama wana maji. Marie-Claire akacheka peke yake. Likaja swali la chemsha bongo: mnyama gani ana mioyo mitatu? Mtu wa Lokichar akapiga simu akasema ngamia. Mwingine akasema mwanasiasa. Jibu likawa pweza.

"Na kwa kuwa leo ni siku ya maji ya chumvi," Hardy akasema, "kichekesho chetu ni cha machozi. Mama mmoja alienda chumba cha maiti kumlilia mumewe. Akalia saa nzima, akagaragara chini, akamwita maiti majina yote ya mapenzi. Mhudumu akamshika bega: mama, huyu si wako, wako ni yule pale. Mama akafuta macho akasema, basi ni nani atakayenirudishia machozi yangu?"

Studio nzima iliangua kicheko. Marie-Claire aliendelea kukanyaga cherehani. Alipotazama chini, alikuta mkono wa gauni ameushona ukazibika kabisa.

Mama wa kichekesho alikuwa yeye. Mwaka juzi mumewe, Dieudonné, alifia hospitalini Lodwar kwa ugonjwa wa figo, mwili umevimba hata sura imepotea. Marie-Claire alipofikishwa chumba cha maiti, hakungoja kuonyeshwa. Alimrukia maiti wa kwanza aliyemwona amevimba, akalia mpaka sauti ikakauka. Alipoambiwa huyo ni mume wa mtu mwingine na kupelekwa kwa Dieudonné, halikumtoka hata tone la chozi. Alimzika macho makavu. Aliyekuwa naye siku hiyo, akimtafsiria na kumshika mkono, alikuwa Hardy. Na walipokuwa wakirudi Kakuma juu ya lori, ni Hardy peke yake aliyemsikia akisema, "Machozi ya Dieudonné nimempa mtu mwingine. Nani atanirudishia?"

Hardy hakumtaja jina redioni. Hakukuwa na haja. Wajane wa Kikongo kama yeye waliotoka Kakuma kwenda Lodwar kuchukua maiti hawakuwa wengi kiasi cha kuwachanganya. Kabla ya adhuhuri, Apajok, mama wa Sudan Kusini aliyeuza mboga kando ya kibanda chake, alikuja na uso wa kujikaza.

"Mama Jessica, ile ya redio, ni weye?"

"Ni mimi."

Apajok alitaka kusema pole. Badala yake kicheko kikamtoka puani, akageuka haraka akajifanya anakohoa. Hapo ndipo Marie-Claire alipojua ukubwa wa jambo. Huyo alikuwa rafiki.

Siku zilizofuata alisikia mengi. Vijana wa bodaboda walipopita walipaza sauti, "Nani atanirudishia!" Mteja aliyepunguziwa urefu wa sketi kupita kiasi alisema anataka kitambaa chake kirudishwe kama machozi, akacheka mwenyewe. Jumapili kanisani, kwaya ilipoimba wimbo wa maombolezo, Marie-Claire aliona mabega ya wanawake wawili wa mstari wa mbele yakitikisika. Hawakuwa wanalia.

"Mama, achana naye," binti yake Jessica alimwambia wakila. "Watu watasahau. Kesho atasema kingine."

"Na Dieudonné? Naye atasahau?"

"Papa amekufa, mama."

"Ndiyo. Na wanamcheka."

Marie-Claire hakulala na hasira kama watu wanavyolala nayo, ikapungua asubuhi. Aliitunza. Alipokuwa akikata vitambaa aliigeuza huku na huku, akiutafuta upande wenye makali. Akaupata siku alipokuwa akianika shuka.

Hardy alifika kwake akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, peke yake, kutoka kijiji kilichochomwa watu wakiwa usingizini. Usiku wa kwanza alikojoa kitandani. Akaendelea kukojoa miaka nenda miaka rudi, hata ndevu zikaota, hata sauti ikawa hii nzito iliyopendwa Turkana nzima. Jambo hilo walilijua watu watatu tu, na mmoja alikuwa kaburini.

"Na mimi nina kichekesho," Marie-Claire akasema kwa sauti, ingawa hakuwa na mtu karibu.

"Leo Siku Gani" ilikuwa na sehemu ya vitendawili, ambapo msikilizaji hupiga simu akamtegea mtangazaji. Mtangazaji akishindwa, hutoa mji. Kesho yake Marie-Claire alipiga.

"Kitendawili!"

"Tega!" Hardy akaitikia kwa furaha. "Nani mwenzetu?"

"Mama wa Kakuma. Nyumbani kwangu mvua hunyesha godoro moja tu."

Hardy akacheka kicheko kikavu. "Hicho kigumu, mama. Nakupa mji. Nakupa Kitale."

"Kitale nimepokea. Jibu nitalileta siku nyingine," akasema, akakata simu. Akarudi kwenye cherehani, akashona kwa raha.

Wasikilizaji walijaa kwenye simu. Ni mtoto mchanga, wakasema, kitu gani kigumu hapo? Asubuhi iliyofuata Marie-Claire akapiga tena. "Mtoto mchanga hanyoi ndevu," akawaambia. Basi ni mlevi, wakasema. Ni mzee. Akapiga tena: "Hanywi pombe, na mvi hana." Hardy akatoa Eldoret. Akatoa Nakuru. Siku aliyotoa Nairobi alisahau kusema leo ni siku gani, ikabidi mwenzake wa studio amkumbushe kwamba ni siku ya wachangiaji damu.

Hakuweza kuizuia simu ile. Meneja wa redio, mama mmoja aliyeitwa Rael, alikuwa amefurahi kupita kiasi. Kuanzia Todonyang mpaka Lokichar watu walikuwa wanaulizana kuhusu godoro. Rael akatangaza zawadi ya mbuzi kwa atakayekitegua, na akasema jibu litatolewa jukwaani Kakuma, tarehe ishirini Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kipindi kitakaporushwa moja kwa moja kutoka uwanjani. Siku hiyohiyo Marie-Claire akaongeza dokezo moja: "Mwenye mvua hiyo siku hizi anakaa Lodwar."

Alikuwa anaisikia sauti ya Hardy ikipungua. Maswali ya chemsha bongo aliyasoma kama anayesoma tangazo la mazishi. Vichekesho vilikuwa vya sungura na fisi, vya watoto wa nasari. Marie-Claire alisikiliza kila neno huku akishona, na kazi ya wiki hizo ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Jioni ya kuamkia sherehe, Hardy alifika kibandani. Alikuwa amekonda. Alibeba sukari na majani ya chai, akaviweka juu ya meza ya kukatia, Marie-Claire akavisogeza kando kwa mkasi bila kuvigusa.

"Mama, mimi ni mtoto wako."

"Mtoto wangu ni Jessica."

"Kila siku wanataka kichekesho," Hardy akasema. "Kila siku, mama. Jumamosi, sikukuu, siku zote. Vilikuwa vimeniishia. Nikakifikiria kile, nikaona sijataja jina la mtu."

"Ukanifungua kama kopo."

"Nitaomba msamaha hewani. Kesho, mbele ya watu wote."

"Utasema nini? Kwamba mama aliyemlilia mume wa watu ni huyu hapa, mumtazame vizuri?" Alisimama. "Mimi sitaki msamaha, Hardy. Nataka kesho usimame pale kama mimi nilivyosimama kanisani. Nenda."

Hardy alitazama pazia la nyuma ya kibanda, akasema polepole, "Unajua kwa nini nilikuwa nakojoa." Halikuwa swali.

"Na weye ulijua kwa nini nililia," Marie-Claire akajibu, akaanza kukanyaga cherehani.

Jessica alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alitoka Hardy alipokwisha kuondoka. "Mama, usifanye. Alikuwa mtoto." Mama yake akaendelea kushona.

Kesho yake uwanja ulijaa. Kulikuwa na ngoma za Warundi, Waturkana wenye shanga, vijana wa Kisomali kwenye kivuli cha mahema, na mbuzi wa zawadi amefungwa kwenye nguzo ya jukwaa akitafuna utepe wa mapambo. Rael alishika kipaza sauti, akamwita mama wa godoro apande. Watu wakapiga vigelegele. Marie-Claire alipanda na gauni alilojishonea kwa siku hiyo. Hardy alisimama upande wa pili, jasho likimtiririka.

"Kitendawili!" Marie-Claire akasema.

"Tega!" uwanja mzima ukaitikia.

"Nyumbani kwangu mvua hunyesha godoro moja tu."

"Hardy, una jibu?" Rael akauliza akicheka. Hardy akatikisa kichwa. "Basi toa mji!"

"Nakupa Kisumu," Hardy akasema.

"Kisumu sitaki."

"Mombasa."

"Sitaki. Nipe Lodwar."

Watu walipiga kelele. Hardy alimtazama Marie-Claire, naye akamtazama bila kupepesa. "Nakupa Lodwar," akasema.

"Jibu! Jibu!" uwanja ukadai.

"Godoro ni la mtangazaji wenu," Marie-Claire akasema, kila neno akilitoa wazi kama anayeita majina ya darasa. "Nililifua mimi mpaka ana miaka kumi na saba. Mvua ni Hardy."

Kicheko kilipanda kama vumbi la ng'ombe. Watu walishikana mabega, walilala chini, hata Rael alijifunika uso. Na Marie-Claire, asidanganye mtu, alikifurahia. Alikinywa chote. Kwa mara ya kwanza tangu Siku ya Bahari, kifua chake kilijaa hewa mpaka mwisho.

Hardy alingoja. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kungoja watu wamalize kucheka. Walipopungua akainua kipaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nikiota moto ule, naamka nimelowa. Mama huyu alilianika godoro ndani, karibu na jiko, mlango amefunga, na joto hili la Kakuma mnalijua. Jirani wasilione. Asubuhi ananipa chai kama hakuna kilichotokea. Miaka sita, hakuna mtu aliyejua." "Kile kichekesho cha machozi, nilikuwepo. Hakikuwa kichekesho. Sasa tuendelee. Chemsha bongo ya leo."

Lakini hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyejibu chemsha bongo. Mwanamke mmoja wa Kirundi karibu na jukwaa alimtazama Marie-Claire kwa muda mrefu, kisha akatazama pembeni. Marie-Claire aliteremka. Rael alitaka kumpa mbuzi, akakataa, mbuzi akapelekwa kwa kwaya.

Njiani kurudi, Jessica alitembea mbele yake bila kugeuka. Marie-Claire aliwaza juu ya godoro lile: jinsi lilivyokuwa zito likilowa, jinsi alivyolisukuma peke yake mpaka jikoni. Maishani mwake hakumbuki kumtendea mtu wema mkubwa kuliko ule, na leo ameutumia wote kwa mkupuo mmoja.

Vijana wa bodaboda waliacha kupaza sauti. Apajok alimwambia kwamba sokoni watu sasa wanamwogopa. "Ungejua watakuogopa hivi, ungefanya vilevile?" akamuuliza.

Marie-Claire alifikiria huku akitunga uzi kwenye sindano. "Ningefanya," akasema. Na lilikuwa jibu la kweli, ingawa halikumpa raha.

Mwezi Julai Hardy alikuja Kakuma kurekodi habari za soko. Alipita kibanda hadi kibanda na kinasa sauti chake, akisalimia Waturkana kwa Kiturkana na wengine vivyo hivyo, kwa haraka ya mtu mwenye kazi. Alipofika kwa Marie-Claire alisimama kidogo.

"Ejok," akamsalimia kwa Kiturkana, bila kumwita mama, kama anavyomsalimia muuzaji yeyote.

"Ejok," Marie-Claire akajibu, na Hardy akapita kwenda kibanda cha Apajok.