Pancha za Dada Nesi

Ndani ya wiki tatu Dada Nesi alipata pancha nne, zote mbele ya nyumba yake mwenyewe. Fundi pancha wa pale kona aliuchomoa msumari wa nne kwa koleo, akauinua juani kama sonara anayekagua pete.

"Dada, msumari huu gari lako halikuuokota njiani," alisema. "Ni mpya. Tena wa bati, ona kichwa kilivyo kipana. Una ugomvi na nani?"

Dada Nesi aliutazama msumari. Jirani yake wa mkabala alikuwa ametoka tu kuezeka upya banda lake la kuku.

Jirani huyo alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kifungu, maana hata ukimsalimia kwa haraka alikuwa na kifungu cha kukubana nacho. Nje ya geti lake, kwenye ardhi ya barabara, alipanda ukoka na kuuzungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Njia ilikuwa nyembamba, na Dada Nesi hakuwa na namna ya kugeuza gari bila tairi moja kuukanyaga ukoka ule. Aliomba radhi mara mbili. Mara ya tatu alisema, kwa heshima zote, kwamba barabara si bustani ya mtu. Kesho yake ikaja pancha ya kwanza.

Sasa aliamua kumwendea.

"Shikamoo, mzee. Kuna mtu ananitegea misumari."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Kifungu alijishika kifua. "Misumari? Mtaa huu huu? Unamshuku nani?"

Dada Nesi alitupa jicho kwenye mabati mapya ya banda. "Mtu wa karibu."

"Kushuku si ushahidi," mzee alisema upesi. "Subiri hapo."

Aliingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu, akamwandikia pale pale barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, dhidi ya "watu wasiojulikana". Ilikuwa barua nzuri ajabu. Neno "unyama" lilikuwamo mara tatu. Dada Nesi aliisoma mpaka mwisho, akamshukuru.

Siku mbili baadaye, saa saba mchana, alikuwa anafunga mlango aende zamu ya jioni aliposikia kelele ng'ambo. Mke wa Mzee Kifungu alikuja mbio na kanga begani.

"Mwanangu, tusaidie! Mkamwana wetu, uchungu umemshika, na mume wake yuko safarini!"

Dada Nesi alivuka njia, akamkuta binti wa watu ameegemea ukuta, jasho linamtiririka. Hakuhitaji kuuliza mengi. Ilikuwa mimba ya pili, na mtoto hakuwa na subira.

"Gari langu hili hapa. Mpandisheni nyuma, tunaondoka sasa hivi."

Walimpandisha, bibi akakaa naye. Dada Nesi aliwasha gari, akashika gia.

"Ngoja!" Mzee Kifungu aliruka mbele ya gari, mikono juu. "Usilisogeze! Tairi la nyuma kushoto!"

"Lina nini?"

"Liangalie tu."

Tairi lilikuwa zima, limejaa upepo. Lakini mzee alikwisha piga magoti mavumbini, akapenyeza mkono nyuma yake na kutoa misumari miwili iliyosimamishwa kwa ustadi, ncha juu.

Dada Nesi alimtazama kwa utulivu. "Na la mbele, mzee?"

"La mbele mmoja tu," alijibu, kisha akasikia alichosema.

Mke wake alitoa kichwa dirishani. "Wewe umeionaje, na miwani umeiacha mezani?"

Mkamwana alipiga ukelele, ukamwokoa mkwewe asijibu. Mzee alichomoa ule wa mbele, akaingia kiti cha mbele, na njia nzima hakunukuu kifungu hata kimoja.

Mtoto wa kike alizaliwa dakika kumi baada ya kufika hospitali. Mama mzima, mtoto mzima. Dada Nesi alipotoka kuwapa habari, alimkuta babu bado ameikunja ngumi, damu inachuruzika vidoleni. Misumari yote mitatu ilikuwa kiganjani, ameibana tangu nyumbani.

"Hiyo inataka sindano ya pepopunda," alisema Dada Nesi.

"Mwanangu, mimi na sindano..."

"Legeza suruali, mzee."

Alimchoma mwenyewe, wala hakufanya haraka. Neno la misumari hakulitamka, siku hiyo wala baadaye.

Tangu hapo Mzee Kifungu aliifagia njia kila asubuhi, kutoka geti lake hadi la Dada Nesi. Pancha zikakoma. Watu walimsifu sana, na kwenye mkutano wa mtaa wakamchagua kwa kauli moja kuwa mkuu wa kamati ya usafi na usalama. Alisimama, akawalaani kwa sauti nzito wote wanaotupa misumari njiani. Dada Nesi alipiga makofi pamoja na wenzake. Mke wa mzee alishikwa na kicheko mpaka wakamletea maji.

Juma lililofuata mzee aligonga mlango wa Dada Nesi, amevaa miwani.

"Gari lako linatoa moshi mwingi," alisema, "na mjukuu wangu amelala."