Mawe Yanayoiva Kasulu

Mimi Ernesta sina mchezo na maji. Miaka tisa nilitia klorini kwenye matangi ya kambi ya wakimbizi kule Kibondo, na hakuna mtoto aliyeharisha kwa maji yaliyopita mkononi mwangu. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli. Kazi ya kambini ilipoisha nikapata kibarua cha kutunza maabara ya sekondari moja hapa Kasulu, na huko ndiko nilikokutana na Mwalimu Saady wa baiolojia, kijana wa Tanga, mpole, mwenye maneno mengi.

Mwalimu Saady alikuwa na hamu moja iliyomkosesha raha. Alitaka wanafunzi wake, ambao wengi hata Ziwa Tanganyika hawajaliona, wasimame mbele ya tangi la kioo waone kipande cha bahari kikiishi. Kioo alikuwa nacho. Mawe aliyatoa Tanga, kwenye ukuta wa nyumba ya bibi yake iliyobomolewa: mawe ya matumbawe, meupe, makavu, yenye vitundu ndani kama andazi lililoumuka vizuri. Aliyakwangua chokaa yote, akayazamisha kwenye pipa la bluu nyuma ya maabara, ndani ya maji aliyoyachanganya na chumvi maalumu iliyoagizwa Dar es Salaam. Nilimwuliza kwa nini ajisumbue wakati chumvi ya Uvinza imejaa madukani.

"Ya Uvinza inatosha mchuzi, Mama Godson. Haitoshi bahari." Akafunika pipa. "Sasa tunayaacha mawe yaive."

"Yaive? Utayala na nini, Mwalimu?"

Akacheka. Kisha akafanya jambo lililonichefua hasa: akachukua kipande cha mgebuka mbichi, samaki wa ziwani, akakitumbukiza mle pipani kwa makusudi, kioze. Kilipokwisha akatia kingine. Wanafunzi wakawa wanapita nyuma ya maabara wameziba pua, na mimi nikawa najiuliza huyu kijana alisomea wapi.

Wiki ya tano akaitwa semina Kibondo, siku kumi. Akaniachia ufunguo.

"Usiguse kitu," akasema. "Angalia tu pampu ya pipani inazungusha maji."

Siku ya tatu nikafunua pipa. Samaki alikuwa ameyeyuka nusu, na ute mweupe umetanda juu ya mawe. Jamani! Mimi, mtu wa maji, niyaone maji ya namna ile nifunike niondoke? Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la klorini tunayotia kwenye tangi la shule. Nikapima kwa kijiko kama nilivyozoea, nikakoroga, nikamtoa yule mgebuka na kumfukia. Siku mbili baadaye harufu ilikuwa imekwisha na maji yanang'aa hadi chini. Nikajipongeza. Nilidhani Mwalimu atanishukuru.

Alirudi Alhamisi mchana, akaja moja kwa moja pipani hata begi hajaliweka chini. Akateka maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa yake ya kupimia, akakiinua juani. Alikwishanionyesha: yakiwa kijani, sumu ya uozo imo, yakiwa njano, haimo. Yalikuwa njano safi kama mafuta ya alizeti yaliyochujwa mara mbili.

"Yameiva!" Alirukaruka kama mtoto. "Mama Godson, yameiva!"

"Kwani kuiva kwenyewe ni nini?"

Ndipo akanieleza, na laiti angenieleza tangu mwanzo. Akasema mle kwenye vitundu vya mawe wanahamia viumbe wasioonekana kwa macho. Kitu kikioza kinatoa sumu, na sumu hiyo ndiyo chakula chao. Alikuwa akiozesha samaki ili kuwalisha, waongezeke, wajaze kila kitundu. Bila wao, samaki wa kwenye kioo anakufa kwa mkojo wake mwenyewe.

"Wako wangapi?" nikauliza.

Akatoa jiwe moja, kubwa kama kichwa changu, akanipakatisha. "Hapo ulipashika wako wengi kuliko watu wote wa Tanzania."

Nililishika kwa mikono miwili. Sijui nieleze vipi. Maisha yangu yote wasioonekana walikuwa maadui, nikiwaua kwa kijiko na kulala usingizi mzuri. Sasa naambiwa kuna taifa zima lisilo na sauti, kazi yake usiku na mchana ni kula sumu ili wengine wavute pumzi. Nililitazama lile jiwe nikaogopa, maana mimi peke yangu nilijua kwamba humo ndani hakuna mtu tena.

Mwalimu tayari alikuwa na simu mkononi. Kuna bwana Dar es Salaam anayezalisha samaki wa baharini. Alikuwa amemwekea wawili wadogo wenye milia, wapandishwe basi alfajiri ya kesho. Njano ile ilikuwa ya uongo. Sumu haikuwepo kwa sababu klorini iliimaliza na sikuacha cha kuoza, wala hakukuwa na wa kuila itakapokuja. Nikinyamaza, wale samaki watakufa ndani ya wiki mbele ya darasa zima, na Mwalimu hatajua kamwe alikosea wapi. Nikisema, basi Ernesta wa maji safi ndiye aliyeua.

"Mwalimu, usipige hiyo simu."

Nikamwambia yote, mpaka idadi ya vijiko. Nililia, sitaficha. Alikaa kwenye tofali. Kisha akampigia yule bwana akamwambia abaki na samaki wake.

"Ungenyamaza ningejilaumu mimi," akasema. "Nenda sokoni, Mama Godson. Lete mgebuka."

Tukayapitishia maji hewa mpaka klorini ikatoka, tukatia kipande kioze upya. Akasema huenda ndani kabisa ya vitundu wamebaki wachache, klorini haifiki kote. Kesho yake kichupa kilikuwa kijani. Kila asubuhi nilipima mwenyewe, mwenyewe nikakatia samaki vipande, nikakaa kando ya pipa nikitazama maji yasiyo na kitu. Wiki ya kwanza kijani. Ya pili kijani kilichokolea zaidi, na mimi nikakonda. Ya tatu nikaanza kuomba, mambo ambayo huwa nayaachia Jumapili.

Siku ya ishirini na sita samaki alikuwamo, ananuka, ananyambuka, na kichupa kikawa njano. Nikamwaga nikapima tena. Njano. Sumu ilikuwa inatoka, na kuna walioimaliza kabla sijafika.

"Mana yanje," nikasema, Mungu wangu kwa Kiha chetu. Mwalimu Saady akaja mbio, akakiinua kichupa juani.

Pipa lilikuwa kimya, maji na mawe tu kwa anayetazama. Nikafunga kanga vizuri, nikainama juu yake kama mtu aliyeingia ukumbini akawakuta wakubwa wameshakaa.

"Shikamooni," nikasema.

Mwalimu hakucheka.